Ukimya wa Baraza la Madiwani Usidhaniwe Umoja

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 uliiachia CCM zaidi ya asilimia 98 ya viti vya wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji Tanzania Bara. Miezi kumi na moja baadaye ukaja Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025, CHADEMA ikiwa nje ya kinyang'anyiro, na mabaraza ya madiwani yaliyotokana nao yana sura ileile karibu nchi nzima. Tangu hapo mazungumzo kuhusu mabaraza haya yamegawanyika mara mbili. Wapo wanaoshangilia kwamba malumbano yamekwisha, sasa ni kazi tu. Wapo wanaosema hakuna tena haja ya kufuatilia vikao kwa sababu kila kitu kitapitishwa kwa makofi. Naona wote wanakosea mahali pamoja: wanahesabu kadi za vyama, kikao chenyewe hawakitazami. Watu wenye akili zao timamu hupitisha uamuzi mbovu kwa kauli moja kutokana na jinsi wanavyoendesha kikao: nani anaanza kusema, makabrasha yanafika lini, anayepinga anapoteza nini. Mambo hayo yakiachwa yalivyo, baraza la chama kimoja litaiumiza halmashauri, na baraza la vyama vitano litaiumiza vilevile. Yakirekebishwa, hata madiwani wa kadi moja wanaweza kuokoa fedha za wananchi.

Kufuata mkumbo hakuwapati wajinga peke yao. Mwanasaikolojia Solomon Asch, katika majaribio aliyofanya Marekani miaka ya 1950, aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na upi kwa urefu. Swali lenyewe mtoto wa darasa la pili angelijibu. Lakini wenzao chumbani, ambao walikuwa wamepangwa, walipotoa jibu la uongo kwa sauti mmoja baada ya mwingine, takriban theluthi moja ya majibu ya wale waliokuwa wakipimwa yalifuata uongo huo, na watatu kati ya kila wanne waliufuata angalau mara moja. Sehemu ya majaribio hayo inayotuhusu zaidi husimuliwa mara chache. Asch alipoweka chumbani mtu mmoja tu wa kutoa jibu sahihi, majibu ya kufuata mkumbo yaliporomoka hadi karibu asilimia 5. Mmoja tu alitosha kuwafungua wengine midomo.

Irving Janis, msomi aliyelichambua jambo hili mwaka 1972, alichukua mfano wa uvamizi wa Ghuba ya Nguruwe nchini Cuba, Aprili 1961. Washauri wa Rais John Kennedy walikuwa baadhi ya watu wenye elimu kubwa kabisa katika nchi yao. Walipitisha mpango wa kuwatuma wapiganaji takriban 1,400 dhidi ya jeshi kubwa kuliko wao mara nyingi, na ndani ya siku tatu kila kitu kilikuwa kimekwisha. Arthur Schlesinger, mmoja wa washauri hao, alikuwa na mashaka na alimwandikia Rais faragha, lakini kwenye vikao vya pamoja alinyamaza. Mwaka uliofuata, makombora ya Kisovieti yalipogunduliwa Cuba, Kennedy aliketi na wengi wa washauri walewale. Alichobadilisha ni utaratibu. Baadhi ya vikao aliviacha makusudi ili watu wabishane bila kumtazama usoni, na hoja zikapewa nafasi ya kupingwa kabla ya kupigiwa kura. Rais alikuwa yuleyule, chama kilekile na wengi wa watu walikuwa walewale, lakini safari hii dunia iliepuka vita vya nyuklia.

Sasa tukae kwenye kikao cha kawaida cha baraza letu la madiwani. Madiwani wa chama walishakutana wenyewe jana yake au asubuhi, na msimamo umeshawekwa. Makabrasha, majedwali juu ya majedwali, yamewafikia wengi usiku wa kuamkia kikao, au wameyakuta mezani pembeni ya chupa ya maji. Katibu wa kikao ni mkurugenzi, ambaye ofisi yake ndiyo iliyoandaa kila taarifa inayojadiliwa, na ambaye baraza halikumteua wala haliwezi kumwondoa. Mwenyekiti anafungua ajenda kwa kusema kwamba Kamati ya Fedha imeshaipitia na kuiridhia. Diwani wa kwanza anasimama, anapongeza ngazi zote kuanzia juu, anamalizia kwa kusema anaunga mkono. Wa pili anampongeza wa kwanza. Akitokea mmoja akauliza kwa nini makusanyo ya ushuru wa mazao yameshuka ilhali mavuno yalikuwa mazuri, anaambiwa kwamba hilo lilishajadiliwa kwenye kamati. Kwenye kamati alikuwa ameambiwa litapata nafasi nzuri zaidi kwenye baraza. Kisha: wanaoafiki waseme ndiyo. Ukumbi unaitika. Wasioafiki? Mwenyekiti hasubiri hata pumzi moja, ajenda inayofuata imeshasomwa.

Hapo hakuna aliyetishwa wala aliyehongwa. Kila mmoja kati ya watu thelathini waliomo ukumbini anaweza kwenda nyumbani akiamini kwa dhati kwamba kulikuwa na mjadala, na kwamba kama kungekuwa na tatizo mwenzake angelisema. Huo ndio ugumu wa ugonjwa huu, kwamba mwenye nao hajisikii mgonjwa.

Ukitaka kuona gharama yake kwa karibu, ondoka ukumbini uende kwenye kamati ndogo kabisa, za shule na zahanati. Mwaka 2021 Serikali ilipopata shilingi trilioni 1.3 za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19, sehemu ya fedha hizo ilijenga madarasa 15,000: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi, yaani vituo vya kusomea vilivyo chini ya shule mama ya msingi iliyo mbali. Yalijengwa kwa utaratibu ambao kila mtu anauita fosi akaunti, yaani shule au kijiji kinanunua vifaa chenyewe na kuajiri mafundi wa hapohapo, bila mkandarasi mkubwa. Ni utaratibu mzuri, na umejenga vingi kwa bei ambayo mkandarasi asingeikubali. Ulinzi wake ni kamati. Kuna kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi na kamati ya ujenzi. Zimetenganishwa ili moja isiimezee nyingine: aliyenunua asiwe ndiye anayethibitisha kwamba mzigo umefika, na aliyepokea asiwe ndiye anayesimamia matumizi yake. Utaratibu wote umesimama juu ya dhana kwamba watu wa kamati hizi watatiliana shaka.

Chukua jioni ambayo lori la saruji na nondo linafika shuleni. Hati ya mzigo inasema mifuko 200, na nondo za milimita 12. Wajumbe wa mapokezi ni mwalimu mmoja, mzee wa kitongoji na mama mwenye genge karibu na shule. Giza linaingia, dereva ana haraka, mwalimu mkuu anasema kwa upole kwamba mzabuni huyu tunamfahamu. Kuhesabu mifuko 200 ni kazi ya nusu saa na kunaonekana kama kumwita mtu mwizi mbele ya watu. Nondo za milimita 12 na za milimita 10 hazitofautiani sana kwa macho, na hakuna aliyekuja na kipimo. Mwalimu anasaini kwanza, kwa sababu bosi wake amesimama pale. Mzee anaona saini ya mwalimu, ambaye ndiye msomi. Mama anaona saini mbili. Kwenye jalada, watu watatu wamethibitisha. Kwa kweli aliyethibitisha ni mmoja, naye hakuhesabu. Baadaye ukuta ukipata ufa na mkaguzi akifika, karatasi zote zitakuwa sawa na kila mjumbe atasema kamati iliridhia.

Hali kama hiyo iliikumba mikopo ya asilimia 10. Tangu 2018 sheria inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Orodha ya vikundi inaanzia kwenye kata, inapanda kwa wataalamu wa halmashauri, inafika Kamati ya Fedha. Hatua hizo zinatosha kumkamata mwizi. Hata hivyo ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali zilibaini, mwaka baada ya mwaka, vikundi hewa na mabilioni yasiyorejeshwa, hadi Aprili 2023 Serikali ikasimamisha utaratibu mzima ili uundwe upya. Wengi walisema tatizo ni wizi, na wizi ulikuwepo. Lakini vikundi hewa haviwezi kupita ngazi zote hizo pasipo watu wengi waaminifu kutia saini kwa kuamini kwamba ngazi ya chini ilishahakiki. Kila kamati iliongeza muhuri juu ya muhuri uliotangulia, hakuna aliyepanda bodaboda kwenda kuona kama kikundi cha ufugaji kuku kina kuku.

Upande wa pili una hoja zake, na si zote dhaifu. Ya kwanza ni ya kasi: halmashauri yenye malumbano huchelewesha barabara na zahanati. Ina ukweli ndani yake. Miaka ya 2015 hadi 2020, Jiji la Arusha, Manispaa ya Moshi na Ubungo zilianza zikiwa mikononi mwa CHADEMA, na wananchi walioshuhudia vikao vya wakati huo wanakumbuka mivutano iliyomhusu zaidi meya na mkuu wa wilaya kuliko mfereji wa maji taka. Lakini kasi inayopimwa kwa siku ambayo uamuzi umepitishwa ni kipimo cha uongo. Soko lililojengwa haraka mahali ambapo wafanyabiashara hawataki kwenda, likabaki na popo, halikuokoa muda wowote.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na naikubali kwa sehemu kubwa: kwamba chama kimoja hakimaanishi wazo moja. Agosti 1993 Bunge lililokuwa bado na wabunge wa CCM pekee, kwa kuwa lilichaguliwa 1990 kabla ya vyama vingi kurudi, lilitikiswa na wabunge 55 walioitwa G55 wakidai Serikali ya Tanganyika. Walikuwa ndani ya chama, wakapingana na uongozi wa chama, na Bunge likakubali hoja yao kabla ya chama kuizima baadaye. Mtu anayedai kwamba kadi za aina moja lazima zizae kauli moja anaisahau Agosti ile. Swali la kujiuliza ni kwa nini sauti kama zile hazisikiki kwa urahisi kwenye mabaraza ya leo, na jibu lipo kwenye gharama. Hatuna mgombea binafsi. Diwani akivuliwa uanachama, udiwani unaondoka naye. Hata asipovuliwa, anajua kwamba jina lake litarudi kwenye vikao vya uteuzi baada ya miaka mitano, na waliomo humo watakumbuka nani aliwasumbua. Anayeuliza swali moja gumu analipa peke yake, na faida ya swali lake inagawanywa kwa kata nzima. Kwa hesabu hiyo kunyamaza kunalipa, na tusishangae watu wakinyamaza.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa zaidi: kwamba kubishana si utamaduni wetu, kwamba sisi ni watu wa maridhiano, wazee walikaa chini ya mti na kukubaliana. Mwalimu Nyerere aliitumia picha hiyo ya wazee mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipotetea mfumo wa chama kimoja. Picha yenyewe ilisema wazee walizungumza mpaka wakakubaliana, na wanaoinukuu leo wanabakiza kukubaliana na kuyatupa mazungumzo. Kukubaliana kule kulikuwa mwisho wa siku ndefu ya kupingana, wakati mwingine siku kadhaa, na aliyekuwa na shaka aliombwa aiseme kwa sababu kijiji kizima kingeishi na matokeo. Baraza linalomaliza ajenda kumi na mbili kabla ya chakula cha mchana haliwezi kujificha chini ya mti ule. Tena mti wenyewe tusiupambe kupita kiasi, kwa kuwa wanawake na vijana mara nyingi hawakuwa na kigoda pale.

Historia yetu wenyewe inaonyesha pande zote mbili za shilingi. Kuanzia 1972 Serikali ilizifuta serikali za mitaa kwa jina la madaraka mikoani, na 1976 ikavivunja vyama vya ushirika. Sheria za kuvirejesha vyote viwili zilipitishwa 1982, na 1984 Mwalimu mwenyewe alikiri katika mahojiano kwamba angeanza upya asingevigusa. Miaka kumi ya uzoefu wa wananchi kujiendeshea mambo yao ilipotea, na bado tunailipia. Halafu iko Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa 1991. Iliwauliza Watanzania kama wanataka vyama vingi, na zaidi ya robo tatu ya waliotoa maoni walisema wabaki na chama kimoja. Tume ingeweza kufunga daftari hapo. Badala yake ilipima hoja za wachache, ikaona wengi wa waliotaka chama kimoja nao walikuwa wanalalamikia mambo yaleyale, ikapendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Sijui mfano mwingine katika nchi hii wa tume iliyotenganisha kwa ujasiri namna ile idadi ya waliosema jambo na uzito wa jambo lenyewe.

Kwa wale wanaoamini kwamba dawa ni kurudisha upinzani ukumbini na basi, nawaelekeza Meru, Kenya. Huko kuna ushindani wa vyama wa kutosha na wawakilishi wa wadi wasiomwogopa gavana. Bunge la kaunti lilipiga kura kumng'oa Gavana Kawira Mwangaza Desemba 2022, Seneti ikamwachia. Likapiga tena Oktoba 2023, Seneti ikamwachia tena. Mara ya tatu, Agosti 2024, Seneti ikaridhia. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu gavana yule, lakini mashtaka yaliyopita kwa wingi mkubwa nyumbani yakaanguka mara mbili yalipofika mbele ya watu wasiokuwa ndani ya ugomvi yanatuambia jambo. Kundi linaloshangilia pamoja na kundi linalochukia pamoja yote mawili yameacha kupima ushahidi. Ushindani wa vyama ni wa lazima, na nautetea kwa haki yake, maana wananchi wana haki ya kuchagua kati ya njia mbili. Lakini kambi mbili zinazopiga kura kwa kutazama alama ya kiongozi wao ni mikumbo miwili ukumbini mahali palipokuwa na mmoja.

Ndiyo maana sikubaliani pia na pendekezo ninalolisikia kwenye semina, la kumteua mjumbe mmoja awe mpingaji wa zamu. Utafiti wa Charlan Nemeth na wenzake, uliochapishwa 2001, ulilinganisha mtu aliyepewa kazi ya kupinga na mtu anayepinga kwa kuamini, na wa pili ndiye aliyewafanya wenzake wafikiri kwa kina zaidi. Aliyeteuliwa kila mtu anajua anaigiza, wanamsikiliza kwa adabu na kuendelea. Tunachohitaji ni kuishusha bei ya kupinga kweli, na hilo ni suala la kanuni za kikao. Mwenyekiti asiseme msimamo wake wala wa kamati kabla wajumbe hawajazungumza. Madiwani wapya, wa viti maalumu na wa kata za mbali waanze kusema, wakongwe wamalizie. Kwenye mambo ya fedha kila mjumbe aandike swali lake kwenye karatasi kabla mjadala haujafunguliwa, na maswali yote yasomwe na katibu bila majina, ili swali lijulikane kabla ya mwenye swali. Muhtasari uandike hoja zilizokataliwa na sababu za kukataliwa, maana muhtasari unaosema tu kwamba wajumbe waliridhia hauwezi kumlinda aliyeonya wala kumwajibisha aliyepuuza. Na ajenda ya fedha ambayo makabrasha yake hayakuwafikia madiwani siku saba kabla iahirishwe, hata kama mkurugenzi atalalamika. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji Katiba mpya.

Niliwahi kukaa kwenye mkutano wa watumia maji katika kijiji kimoja mkoani Singida, wakijadili pampu ya dizeli iliyokuwa imeshakubaliwa na kila mkubwa aliyekuwepo. Mama mmoja akauliza mwezi wa kumi, watu wakiwa hawana hela, nani atanunua mafuta. Kabla hajakaa mikono mingine mitatu ilikuwa juu, na wenye mikono hiyo walikuwa wamekaa kimya saa nzima. Mkutano uliisha kwa kutaka bei ya pampu ya sola iletwe nayo ili wailinganishe.

Kila mwaka kati ya Januari na Machi mabaraza hupitisha makisio ya bajeti kabla hayajapelekwa juu, na ripoti ya mkaguzi huwekwa wazi Aprili, fedha anazozikagua zikiwa zimeshatumika. Kwa hiyo uchungu wetu wa kila Aprili unakuja umechelewa. Vikao vya baraza ni vya wazi, mwananchi na mwandishi wa habari wana haki ya kuingia na kukaa nyuma. Wachache wanaoingia huandika aliyesema nini. Nawaomba waandike pia makabrasha yaligawiwa lini, nani alizungumza kwanza, ni maswali mangapi yalijibiwa kwa takwimu na mangapi kwa pongezi, na ajenda ya mapato ya ndani ilichukua dakika ngapi. Daftari hilo lisomwe kwenye mkutano wa hadhara wa kata mbele ya diwani mwenyewe, robo mwaka kwa robo mwaka, ili kunyamaza nako kuanze kuwa na gharama.